Kifaranga wangu amepiga msamba, nimtupe?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Singida mjini. Mwaka huu nimenunua mashine ndogo ya kutotolesha, ya mayai 48. Nilianza na mayai 30 ya kuku wa kienyeji, wakatoka vifaranga 22, Jumanne usiku kuamkia Jumatano. Watatu kati yao miguu ilikuwa na shida na wawili wameshakufa. Huyu aliyebaki anadonoa, analia, nguvu anazo, ila miguu imeachana kabisa, mmoja huku mwingine kule, kama mtu aliyepiga msamba. Akitaka kwenda mahali anajisukuma kwa tumbo na mabawa. Nimewaweka kwenye katoni, chini nimetandika magazeti, juu kuna taa. Mama mkwe anasema kifaranga wa hivi haponi, hutupwa, na nikichelewa wenzake watamla. Mwanangu wa miaka minane amempa jina Dogo na hataki hata kusikia habari hiyo. Nimtupe, au nihangaike naye?
Mama Watatu, Singida

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wengine niwaambie kwanza kwamba ujumbe huu niliupata Ijumaa asubuhi, na sikungoja gazeti lichapwe. Kwa mguu wa kifaranga, siku tatu za mwanzo ndizo zenye dawa. Mifupa bado laini, kano bado zinavutika, na mguu ukirudishwa mahali pake siku hizo unakubali kukaa. Akifikisha wiki, viungo vimeshazoea upotovu na unahangaika bila faida. Basi nilimpigia simu mama huyu saa ile ile, na kwa ruhusa yake nawaeleza tulichofanya.

Kabla ya jambo lolote nilimwomba atoe magazeti. Karatasi inateleza. Kifaranga wa kienyeji anayetoka leo ana uzito wa gramu thelathini hivi, nyayo zake ni laini na bado zina unyevu, na kila anapojaribu kusimama juu ya karatasi miguu inamponyoka kwenda pembeni. Akiponyoka mara mia kwa siku, nyonga zinalegea, na hata aliyetoka mzima anaishia kupiga msamba. Katoni tupu ni hivyo hivyo, na mfuko wa salfeti ni hivyo hivyo. Siku mbili tatu za kwanza tandika kitambaa chenye ukakasi kisicho na nyuzi za kunasa kucha, kisha weka maranda au pumba za mpunga, kina cha vidole viwili vitatu. Nasema kitambaa kwanza kwa sababu kifaranga wa siku moja bado hajajua chakula ni kipi, na akimeza maranda tumbo linaziba.

Magazeti yalipotoka nikamuuliza maswali matatu. Mshike Dogo, msimamishe mezani, urudishe miguu chini ya mwili wake kwa vidole vyako: inarudi, au inagoma? Akajibu inarudi, ila akimwachia inateleza tena. Pitisha kidole nyuma ya goti lake, pamevimba? Hapana. Gusa nyayo kwa ncha ya kidole, vidole vyake vinakunja kukushika? Vinashika, vyote, miguu yote miwili. Hapo moyo wangu ukatulia. Mguu unaorudi, usio na uvimbe na wenye vidole vinavyoshika, ni mguu unaotaka kufungwa tu, na plasta inapatikana duka lolote la dawa.

Hapa naomba msome taratibu, maana kufunga ndiko kunakoua wengi. Mwaka 1998, kifaranga wangu wa kwanza wa namna hii nilimfunga kwa uzi wa cherehani. Nilifunga jioni, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi nyayo ya kushoto ilikuwa ya bluu, imevimba kama punje ya njugu, na ule uzi sikuuona tena, umezama ndani ya ngozi. Alikufa siku ya tatu. Miaka mingi imepita na bado nikishika plasta namkumbuka yeye. Kwa hiyo msitumie uzi, wala mpira ule wa kufungia noti, wala waya wa aina yoyote.

Tumia plasta ya kitambaa, ile ya kuviringisha. Kata kipande chembamba, upana wa nusu sentimita, urefu wa sentimita kumi. Kifungo kinakaa chini ya lile tunaloliita goti na juu ya nyayo, penye magamba. (Goti hilo kwa kweli ni kifundo. Goti lenyewe la kuku liko juu, limejificha ndani ya manyoya.) Zungusha plasta mguu wa kwanza, vuka hadi wa pili, uzungushe, kisha rudi ulikotoka ili gundi ikutane na gundi katikati na pasibaki mahali pa kunata maranda. Miguu ikae chini ya mwili kwa upana ule ule ambao kifaranga mzima anasimama nao. Kwa kienyeji wa siku mbili tatu ni kama upana wa kidole chako cha shahada, sentimita mbili hivi. Usiibane ikagusana. Mwisho chukua njiti ya kiberiti uipitishe kati ya plasta na mguu. Isipopita, fungua uanze upya.

Kazi hii inataka watu wawili. Mama Watatu alisaidiwa na yule mtoto wake. Walikata ncha ya soksi ya shule, wakampitisha Dogo ndani, kichwa kikatokea upande mmoja na miguu upande wa pili, mabawa yakabanwa taratibu. Soksi ile ilikuwa akili yao wenyewe, na tangu siku hiyo nami naitumia.

Sasa jiandae kwa saa ya kwanza. Akifungwa ataanguka kifudifudi, atarusha mabawa, atalia kilio cha kukukata maini, na utataka kufungua. Usifungue. Kaa naye. Weka vidole viwili chini ya kifua chake umbebe uzito kidogo, nyayo ziguse chini, dakika kumi, kisha mpumzishe. Fanya hivyo mara nne au tano kwa siku. Kati ya mazoezi unaweza kumkalisha ndani ya kikombe cha chai kilichotandikwa kitambaa, miguu ikiwa chini yake, ili asilale ametandaza.

Maji yake yawe kwenye kifuniko kifupi, ndani utie kokoto safi hadi zikaribie kujaa, anywe katikati ya mawe. Kifaranga aliyefungwa miguu akiangukia kwenye bakuli hawezi kujinyanyua, na maji ya kina cha kidole kimoja yanamtosha kufa. Chakula kiwe karibu na kifua chake, starter, yaani chakula cha kuanzia cha vifaranga, iliyochanganywa na kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa. Tazama na haja yake: anayelala sana hugandwa na kinyesi mkunduni, kikikauka kinaziba njia. Lainisha kwa maji ya uvuguvugu na pamba, usikibandue kikavu, utamchana. Na umtenge na kundi, maana kweli wenzake watamdonoa, hapo mama mkwe amesema la haki. Lakini usimtenge peke yake. Kifaranga wa peke yake hulia mpaka anaacha kula. Mpe mwenza mmoja mpole, na wengine awasikie upande wa pili wa wavu.

Joto nalo. Wiki ya kwanza panatakiwa nyuzi 32 hadi 35 pale walipo, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Kama huna kipimajoto waangalie wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kwenye kingo huku wakihema wamezidiwa na joto, wakitawanyika na kulala ovyo ovyo wameridhika. Wanaotumia jiko la mkaa, tafadhali, pasha chungu au matofali nje kisha uingize. Moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga usiku mmoja, na huua na watu.

Dogo alifungwa Ijumaa saa tano asubuhi. Jumamosi jioni alisimama akitikisika. Jumapili alikwenda hatua tatu hadi kwenye chakula. Jumatatu plasta ilibadilishwa, na hili ni lazima, kwa sababu kifaranga anakua kila siku na kifungo cha juzi kinambana leo. Kuitoa usivute, paka mafuta ya kula kwa pamba, subiri dakika chache, itateleza yenyewe. Jumatano, siku ya tano tangu afungwe, walimwachia. Leo ninapoandika ana siku kumi na tatu. Mguu wa kulia bado unakanyaga nje kidogo, na nadhani utabaki hivyo. Anakimbia na wenzake. Kwenye video niliyotumiwa sikumtambua hadi nilipoonyeshwa. Na aliyekuwa anampondea kile kiini cha yai kila asubuhi ni mama mkwe.

Mama mkwe huyo simlaumu hata kidogo kwa alilosema mwanzoni. Iko miguu isiyopona, naye bila shaka ameiona. Ile ninayoiogopa mimi ni kano iliyochomoka. Nyuma ya kifundo kuna kano nene inayopita kwenye kijifereji cha mfupa. Kifundo kikikua vibaya, kijifereji kinakuwa bapa, kano inateleza pembeni, na mguu unapinda kuanzia hapo kwenda chini, ukielekea nje au ndani. Ukipapasa, nyuma ya kifundo pamekuwa bapa na pamevimba, na ukimnyoosha mguu unahisi kano ikiruka. Ukiigundua siku ile ile unaweza kuirudisha kwa kidole gumba huku ukinyoosha mguu polepole, na wachache hukaa. Ikishapita siku kadhaa haikai. Chanzo mara nyingi ni upungufu wa virutubishi vya manganizi, kolini au bayotini katika chakula. Mahindi yana manganizi kidogo sana, pumba zina nyingi zaidi, na ndiyo maana kundi la kulishwa mahindi matupu huleta vilema vya namna hii.

Kifaranga asiyeweza kusimama baada ya wiki nzima ya kuhangaikiwa, anayechubuka kifua na vifundo kwa kujiburuza, amefika mwisho wa njia. Hapo mmalize haraka kwa kisu kikali, au mpeleke kwa bwana mifugo. Usimtupe jalalani akiwa hai. Nimewahi kuokota kifaranga jalalani, siafu wameshamwingia machoni, bado analia. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini hata isingekuwepo, aliyekuamini kwa chakula humfanyii hivyo.

Limebaki la mashine, maana watatu kati ya 22 si bahati mbaya tu. Nilimuuliza mama kama umeme ulikatika. Ulikatika siku ya 19, tangu mchana hadi jioni, na uliporudi mashine ilipanda hadi nyuzi 39 kabla ya yeye kushtuka. Mashine zenye feni zinataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku zote 21, na kupanda na kushuka huko hudhoofisha miguu na kitovu. Umeme ukikatika usifungue mlango kuchungulia. Funika mashine kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa, na umeme ukirudi simama hapo uangalie kipimajoto mpaka kitulie. Acha kugeuza mayai siku ya 18, ongeza maji ili unyevu upande, na juu ya trei ya kutotolea, ile ya plastiki nyororo, tandika wavu au kitambaa cha kukwaruza. Wengi hupiga msamba humo humo ndani, katika saa zao za kwanza, kabla hata hujawaona.

SWALI: Habari za kazi, mama. Nina chotara 60, wana siku 12. Nane kati yao vidole vya miguu vimekunjamana kwa ndani kama ngumi, wanatembelea vifundo, lakini wanakula vizuri na wamechangamka. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi ya kusaga, pumba na dagaa kidogo. Jirani ameniambia ni kideri, niwauze wote haraka.
Mfugaji, Kilosa

JIBU: Nzuri, baba. Usiuze. Kideri, au mdondo kama wengine tunavyouita, hauwaachi vifaranga wakiwa wachangamfu na wenye hamu ya kula. Ungeona wamezubaa, wanahema kwa shida, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na vifo vinafuatana. Hao wako kwa maelezo yako wamepungukiwa vitamini B2. Ikikosekana, mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unavimba, na vidole vinajikunja. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne ndiyo hasa huonekana, akiba waliyotoka nayo kwenye yai ikishakwisha.

Leo hii nenda duka la dawa za mifugo, nunua unga wa multivitamini wenye B2 uwatilie wote 60 kwenye maji, kwa kipimo kilichoandikwa, si wale nane tu. Waliobaki wako njiani. Changanya maji mapya kila siku, uyaweke kivulini, kwa sababu mwanga unaiua B2. Wale nane uwape nyongeza kwa mkono. Vidonge vingi vya B-kompleksi vya binadamu vina miligramu 2 za B2, soma boksi uhakikishe. Ponda kimoja, kiyeyushe kwenye vijiko 20 vya chai vya maji safi, na kila mgonjwa mpe nusu kijiko asubuhi na nusu jioni, tone moja moja pembeni mwa mdomo, ukimwachia ameze kabla ya tone linalofuata. Ukimmiminia yanaingia kwenye mapafu. Wa jana na juzi hunyooka ndani ya siku chache. Aliyekunja kwa wiki nzima, mshipa wake umeshaumia, na hatarudi sawasawa.

Kisha ubadilishe chakula. Mchanganyiko wako unafaa kuku wakubwa wanaojitafutia nje, hautoshi kwa chotara aliyefungiwa ndani. Wape starter ya kununua hadi wiki nane, na uangalie tarehe ya kiroba, maana vitamini hupungua kadiri chakula kinavyokaa. Kama mfuko hauruhusu wiki nane, basi wiki nne za mwanzo usizikose kabisa. Mchicha uliokatwa kwa udogo, maini yaliyochemshwa na mtindi kidogo ni nyongeza nzuri. Chakula cha kuku wa mayai usiwape, kina chokaa nyingi mno, kitawaharibu figo. Na wapate jua la asubuhi nusu saa, kwa ajili ya mifupa.

Chanjo ya kideri wachanje vile vile, kama bado. Jirani kakosea ugonjwa, ila hofu yake ina sababu.

SWALI: Shangazi, kuku wangu jike wa wiki kumi amelala ubavu, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma. Nimempa oksitetrasaiklini siku tano, hakuna mabadiliko. Nimfunge plasta?
Binti wa Tanga

JIBU: Pole sana, mwanangu. Hapana, usimfunge. Mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, katika umri huo, hunipa wasiwasi wa Mareksi, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mishipa ya fahamu. Oksitetrasaiklini ni dawa ya bakteria, haigusi virusi, na plasta haina la kufanya hapo. Dawa hakuna. Binadamu haambukizwi, lakini kuku huambukizana kwa vumbi la manyoya, na vumbi hilo hubaki na virusi miezi mingi bandani.

Mtenge leo. Akifa usimle, na ukimchinja kwa kuwa anateseka kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye ile dawa hazijaisha, usimle vile vile, mfukie. Kabla ya kumfukia, mwite afisa mifugo wa kata ampasue aangalie mishipa ya fahamu ya mapajani, ndipo uwe na uhakika. Banda likombwe takataka zote, lioshwe, lipumzike. Vifaranga utakaonunua baadaye, muulize muuzaji kama wamechanjwa Mareksi siku ya kwanza, ile sindano ya chini ya ngozi ya shingo. Ikishapita siku hiyo imepita, huwezi kuifidia nyumbani. Na uwalee mbali na kuku wakubwa, ukianza kuhudumia wadogo asubuhi ndipo uende kwa wakubwa, viatu vya banda moja visiingie banda la pili.